Jino la Mjomba

Mama ana albamu moja ya picha, ile ya zamani yenye karatasi za plastiki zinazonata. Ndugu zake wote wamo isipokuwa mmoja. Mwaka jana tulikuwa tumeketi nje ya boma la kwao Karungu, mahali ambapo Kaunti ya Migori inakutana na ziwa, nikamuuliza huyo asiye na picha alikufa na nini. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye omena aliyokuwa akiichambua.

"Jino. Jino lilioza likaingia kwenye damu."

Ilikuwa 1971. Mama alikuwa na miaka 8 na mdogo wake 6. Ilianza na homa, na nani huku kwetu hajawahi kuwa na homa? Dana, yaani nyanya yangu, alimpeleka kwenye zahanati akapewa klorokwini. Homa ikashuka, ikarudi. Kisha jino moja la nyuma likalegea, la pili likafuata. Shavu likavimba. Mtu fulani akaling'oa lile jino ili usaha utoke, lakini hakukuwa na usaha wowote. Uvimbe ukaendelea kupanda mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Kutoka siku ya kwanza ya homa hadi siku ya mazishi, mama anasema, hazikupita hata mvua za msimu mmoja.

Nilikulia Homa Bay mjini, kwa hivyo stori za homa nimezizoea. Wasee wa Nairobi hunitania kwamba tunatoka mji unaoitwa kwa jina la ugonjwa. Nimechoka kuwaeleza kwamba jina hilo linatoka kwa Mlima Homa, ule unaouona ukiwa kwenye ghuba, wala halihusiani na neno la Kiswahili. Lakini ile sentensi ya mama ilinikaa kichwani. Jino liliingia kwenye damu. Ni nadharia kamili ya kitabibu, imetungwa na watu waliokuwa wakitafuta maana ya kifo cha mtoto. Inasema kwamba kuna kitu kiliingia kwenye damu, na kutoka huko kikaua. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma, nikitaka kujua walikosea wapi. Nikagundua kwamba hawakukosea sana.

*

Tuanze mbali kidogo, Alabama, Marekani. Mwaka 1951 madaktari wawili wa huko, McCoy na Mason, waliandika kuhusu mgonjwa aliyekuwa na bakteria kwenye vali ya moyo. Bakteria wa namna hiyo hufika moyoni kupitia damu. Mgonjwa huyo huyo alikuwa pia na saratani ya utumbo mpana. Ripoti ya mgonjwa mmoja haithibitishi kitu, na kwa miaka mingi wachache tu waliijali.

Mwaka 1977 watafiti wa New York wakachapisha ushahidi kwamba bakteria aitwaye Streptococcus bovis hupatikana mara nyingi zaidi kwa watu wenye saratani ya utumbo mpana kuliko kwa watu wengine. Siku hizi imekuwa kanuni ya kazi. Bakteria huyo akionekana kwenye damu ya mtu mzima, daktari hatoi dawa na kumwambia aende nyumbani. Anaagiza utumbo uchunguzwe kwa kamera, hata kama mgonjwa hana maumivu ya tumbo. Bakteria wanaishi utumbo mwetu siku zote bila kelele. Uvimbe ukitoboa ukuta wa utumbo, wanapata mlango wa kuingilia damu. Kwa hiyo maambukizi ya damu yanaweza kuwa barua kutoka kwa saratani ambayo bado haijajitangaza.

Huo ni uhusiano wa aina ya kwanza, ambapo bakteria ni mjumbe. Watafiti bado wanabishana kama mjumbe huyo naye anachangia kuukuza uvimbe.

Aina ya pili ni ngumu zaidi kuikubali. Ni pale ambapo maambukizi yenyewe yanasaidia kuizaa saratani. Katikati ya karne iliyopita madaktari wengi walikuwa hawataki kusikia kwamba kansa ya binadamu inaweza kuletwa na kijidudu. Mlango huo ulifunguliwa huku kwetu, kuzunguka ziwa hili ambalo mama yangu ananunua omena yake.

*

Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji amtazame mvulana wa miaka 5. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Daktari wa upasuaji aliitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland 1911, akapoteza jicho moja kwa ajali akiwa mtoto, na alikuwa Uganda tangu 1946. Hakuwa ameona kitu kama kile. Jipu la jino halishiki pembe 4 za mdomo kwa pamoja.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, hospitali nyingine kabisa. Akachungulia dirishani, akamwona mama ameketi kwenye nyasi na mtoto wake. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba vile vile. Burkitt akatoka nje mbio. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo alipoelewa kuwa mmoja ni kioja, lakini wawili wanataka maelezo. Akarudi Mulago akaanza kufukua faili za watoto waliokufa na saratani. Akakuta taya, taya, na tumbo, na taya tena.

Ugonjwa haukuwa mpya. Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha Hospitali ya Mengo 1897, alikuwa na watoto wa namna hiyo kwenye kumbukumbu zake za mwanzoni mwa karne ya 20. Na bila shaka akina dana zetu waliwajua kabla ya Cook. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha mtoto wa hospitali hii na wa hospitali ile.

Burkitt alichapisha ripoti yake 1958. Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia huko Kampala, akaonyesha kwamba huo uvimbe haukuwa wa mfupa wala wa jino. Ilikuwa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Rudia hapo kidogo. Uvimbe uliokaa kwenye taya, ukilegeza meno mmoja baada ya mwingine, ulikuwa ugonjwa wa jeshi la damu. Dana alikuwa amekaribia.

Kisha likaja swali la mahali. Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250 wakaondoka Kampala. Walisafiri wiki 10, kama kilomita 16,000, wakafika hadi Johannesburg na kurudi. Hospitali baada ya hospitali walitoa picha za watoto na kuuliza, mmeona huyu hapa kwenu? Wapo waliosema ndiyo, wapo waliosema hapana. Majibu hayo yakawekwa kwenye ramani.

Ramani ikaonyesha mkanda mpana katikati ya Afrika, na ndani ya mkanda huo matundu. Matundu yalikuwa sehemu za baridi, sehemu kavu, na milima. Huku Afrika Mashariki ugonjwa ulikuwa ukikatika ukipita mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Mimi ramani hiyo naijua kwa matatu. Kisii mjini ni kama mita 1,700, unavaa sweta asubuhi. Ukishuka kupitia Rongo kuelekea Homa Bay au Migori, kuna mahali unafungua dirisha bila kujua ni kwa nini. Ziwa liko mita 1,134. Kwa hiyo mstari wa Burkitt unakatiza barabara yetu mahali fulani pale katikati, na hakuna kibao. Upande wa chini ni Karungu, Muhuru Bay, Mbita, Ndhiwa. Wakati ule kote huku kuliitwa South Nyanza, na kote kulikuwa ndani ya mkanda.

*

Ni nini kinachopenda joto na mvua na kuogopa baridi ya milimani? Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe aliitazama ramani akaona kitu anachokijua, yaani ramani ya wadudu. Mbu, kwa mfano. Wazo la kwanza likawa kwamba kuna virusi vinavyoleta saratani na mbu ndiye anayevibeba.

Machi 1961, kabla ya ile safari ndefu, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyekuwa akisaka virusi vya saratani. Baada ya mhadhara Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe. Basi kwa miaka kadhaa vipande vya mataya ya watoto wa Uganda vikawa vinasafiri kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Wangeweza kuyamwaga. Wakayaweka chini ya hadubini, wakakuta seli za uvimbe zimejitenga na zinaelea, ziko hai. Kutokana na seli kama hizo, mwezi Februari 1964, Epstein aliona virusi kwenye hadubini ya elektroni. Yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakachapisha habari hiyo Machi mwaka huo. Hivyo vikawa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vinaitwa Epstein-Barr.

Watoto waliotoa vipande hivyo hawakuwekwa kwenye jina lolote. Daktari, mtaalamu na msaidizi wake wote wako kwenye jina la ugonjwa au la virusi. Nalisema hili bila kumlaumu mtu. Ila mtu ambaye familia yake ina albamu yenye pengo hawezi kulipita bila kuliona.

Tatizo likajitokeza haraka. Watafiti walipopima watu kwingineko, walikuta virusi vya Epstein-Barr kila mahali. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Huambukizwa kwa mate, wala mbu hahusiki kuvibeba. Mtu wa Oslo anavyo, mtu wa Kisii anavyo, wewe unayesoma hapa kwenye simu pengine unavyo. Kwa nini basi mtoto wa Karungu na si wa Oslo?

Mmoja wa waliotoa jibu alifanya kazi hapa Kenya. Gilbert Dalldorf, Mmarekani, alishirikiana na watu wa maabara ya Nairobi kuangalia limfoma hiyo inatokea wapi nchini. Aliikuta pwani na kandokando ya ziwa, ikawa adimu nyanda za juu. Ukiweka ramani ya malaria kali juu yake, zinalingana. Mwaka 1964 yeye na wenzake walichapisha wazo kwamba mbu yuko kwenye stori, ila mzigo wake ni malaria. Burkitt mwenyewe baadaye alikubali.

Kwa hiyo ni wawili. Virusi vinaingia kwenye chembe nyeupe na kujificha humo maisha yote. Peke yake, hilo mwili unalimudu. Lakini mtoto anayeugua malaria tena na tena huwa na kinga iliyochoka kuvilinda virusi hivyo visiamke. Wakati huo huo malaria inazilazimisha chembe nyeupe kuzaana kwa kasi na kukatakata vipande vya DNA yao ili kutengeneza kingamwili mpya. Ukikata kamba mara elfu gizani, siku moja utakata isiyotakiwa. Katika limfoma ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli izaane, inabaki imewashwa. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Ndiyo maana mvua za msimu mmoja zilitosha.

Utafiti uliochapishwa 2012 ulilinganisha watoto wachanga wa Kisumu, kwenye malaria nyingi, na wa Nandi, juu milimani. Wa Kisumu waliambukizwa virusi vya Epstein-Barr wakiwa wadogo zaidi, na miili yao ilishindwa kuvidhibiti vizuri. Kwa gari ni saa chache tu kati ya kundi moja na jingine.

*

Kama malaria ni mshirika, ukiiondoa je? Swali hilo lilijaribiwa ng'ambo tu ya mpaka. Ukisimama Muhuru Bay, Tanzania iko hapo mbele, na ukiendelea ufukweni unafika Shirati, penye hospitali ya misheni ya Wamenoni. Pande zote mbili za mpaka kuna Waluo na kuna Wakuria, na wanaoana. Mbu nao hawana pasipoti.

Kati ya 1977 na 1982, katika wilaya ya North Mara, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini mara kwa mara, wagonjwa na wazima. Mwanzoni malaria ilishuka sana, na limfoma ya Burkitt ikashuka hadi kiwango cha chini kuliko chote kilichowahi kurekodiwa pale. Halafu vimelea wakaanza kuizoea dawa. Malaria ikapanda tena huku vidonge vikiendelea kumezwa, na baada ya mradi kwisha limfoma nayo ikapanda.

Ungetamani tuishie hapo. Lakini waliofanya utafiti waliandika kwa uaminifu kwamba limfoma ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa, kwa hiyo hawangeweza kuapa kwamba klorokwini ndiyo iliyofanya kazi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka malaria kali kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. "Huenda" ndilo neno lao, na wamelipima.

*

Sasa turudi kwenye bakteria, kwa sababu jino la mjomba bado linanidai.

Malaria ina mlango wa tatu. Mwaka 2011 watafiti wa Kilifi walichapisha uchunguzi wa watoto wa huko. Malaria ilipopungua Kilifi, idadi ya watoto waliolazwa wakiwa na bakteria kwenye damu ilipungua pia. Walikadiria kwamba pale ambapo malaria ni nyingi, zaidi ya nusu ya maambukizi hayo ya damu yasingetokea kama malaria isingekuwepo. Vimelea vya malaria vinapasua chembe nyekundu, walinzi wa mwili wanashughulika kusafisha mabaki, na bakteria kama salmonela wanapita. Huku Nyanza salmonela wa aina isiyo ya taifodi ni kati ya bakteria wanaoua watoto kwa kuingia kwenye damu.

Ukiunganisha hayo, unapata picha ambayo sikuitarajia nilipoanza. Mtoto mmoja wa kandokando ya ziwa anaweza kuwa na malaria leo, bakteria kwenye damu mwezi ujao, na limfoma mwaka unaofuata, na yote matatu yamepita karibu na mlango mmoja. Na yote matatu yanabisha hodi kwa sauti moja, yaani homa.

Hapo ndipo historia inageuka kuwa jambo la juzi. Si mnajua vile inaendaga. Unaingia kliniki na homa, unatoka na "malaria na typhoid". Kipimo kinachotumika sana kutafuta taifodi kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Mahali ambapo watu wamekutana na salmonela wa kila aina, na wana malaria juu yake, kipimo hicho kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi kabisa. Ili kujua ni nani hasa yuko kwenye damu, unachukua damu kwenye chupa maalum na kusubiri siku kadhaa bakteria waote. Inataka chupa, umeme usiokatika, mtaalamu wa maabara na pesa. Kliniki nyingi hazina hata kimoja cha hivyo kwa uhakika.

Kwa hiyo yule bakteria mjumbe wa Alabama angefika huku na barua yake, asingekuta mtu wa kuisoma. Mgonjwa angepewa dawa, homa ingeshuka, na barua ingetupwa. Nina binamu mmoja, mtu mzima, aliyetibiwa "typhoid" mara 4 kwa mwaka mmoja kwenye vituo tofauti kabla ya mtu kumpima kitu kingine. Sisemi ilikuwa saratani, haikuwa. Nasema mara 4 hakuna aliyeuliza kwa nini inarudi.

Uhusiano huo unaenda pia kinyume. Limfoma inazijaza nafasi za chembe nyeupe kwa chembe zisizofanya kazi, na dawa za kuitibu zinaua chembe nzuri pamoja na mbaya. Mtoto aliye kwenye kemo anaweza kuishinda saratani akauawa na bakteria wa kawaida aliyeingia kwenye damu wiki ya pili ya matibabu. Madaktari wa saratani wa watoto huku kwetu wanapigana vita mbili kwa wakati mmoja. Dana alisema jino liliingia kwenye damu. Ungemwambia kwamba ugonjwa wa damu ndio ulioingia kwenye jino, na kwamba baadaye kitu kingine kingeweza kuingia kwenye damu hiyo iliyodhoofika, nadhani angekuelewa upesi kuliko wengi wetu.

*

Kuna jambo moja sikutaka kumwambia mama.

Limfoma ya Burkitt inatibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt huko Kampala na Peter Clifford hapa Nairobi walianza kujaribu dawa mpya za saratani kwa watoto hao. Walishangaa. Uvimbe unaokua haraka kiasi hicho huyeyuka haraka kiasi hicho pia. Wapo watoto waliopona baada ya dozi chache tu, kwa dawa kama cyclophosphamide, wakati ambapo hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa bado zinatafuta namna ya kuponya saratani kwa dawa pekee. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa Kampala, na watoto wenye limfoma hii wakawa kati ya wagonjwa wake wa kwanza. Sehemu ya kile ambacho dunia inakijua kuhusu kemo ilifundishwa na watoto wa ukanda huu.

Leo, kwenye nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wanapona. Huku kwetu idadi iko chini sana, na dawa si sababu pekee. Watoto wanafika wamechelewa, baada ya jino kung'olewa na malaria kutibiwa na typhoid kutibiwa. Wengine wanaanza matibabu Kisumu au Eldoret kisha wanapotea njiani, kwa sababu mzazi hana nauli ya mzunguko wa tatu, au kwa sababu uvimbe umeisha machoni na nyumbani kuna watoto wengine.

Upande mwingine wa mlango umeanza kusukumwa. Mwaka 2017 kazi ya kupuliza dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba ilianza tena Migori, kisha ikaingia Homa Bay. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria, na uzinduzi ulifanyika Kaunti ya Homa Bay, huko Ndhiwa. Mpwa wangu ni kati ya waliochanjwa. Chanjo ile haikutengenezwa kwa ajili ya limfoma, na itachukua miaka kujua kama itaipunguza. Lakini nikitazama ile North Mara ya 1977, naelewa kwamba swali lile lile linaulizwa tena, safari hii kwa upande wetu wa mpaka.

Krismasi nilirudi Karungu nikamweleza mama niliyosoma. Nilimwambia siwezi kuwa na uhakika. Hakuna faili, hakuna picha, hakuna kipande kilichopelekwa popote. Lakini meno yaliyolegea bila usaha, jicho lililosukumwa, kasi ile, umri ule, mahali pale, vyote vinaelekea upande mmoja. Nikamwambia pia kwamba mtoto akivimba taya au tumbo huku na uvimbe usipungue kwa siku chache, asing'olewe jino wala asipewe tu dawa ya malaria; apelekwe mahali watakapokata kipande na kukipima. Alisikiliza yote.

"Na 1971 dawa ilikuwepo?"

Nilijaribu kuzunguka. Mama si mtu wa kuzungukwa.

"Ilikuwepo. Kampala, na Nairobi."

Alikaa kimya muda mrefu. Upande wa ziwa wavuvi walikuwa wanawasha taa zao, na ng'ambo kule Tanzania taa nyingine zilikuwa zinawaka vile vile. Kisha akasema sisi hatukujua hata kama ule ni ugonjwa wenye jina. Akaniambia jina la mdogo wake, ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yangu yote 27. Nikaliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa albamu, mahali ambapo picha ingekaa.